Hesabu ya Maji: Somo kwa Wanaotaka Kuendesha Gari Chalbi

Makomredi, likizo ndefu inanukia. Nimejua kwa sababu kikundi chetu cha WhatsApp kimeamka. Juzi mtu alituma picha ya uwanda wa Chalbi: ardhi nyeupe, mbingu ya buluu, gari moja katikati na kijana amekaa juu ya boneti. Chini yake ameandika, "Desemba twende, tutachangiana petroli." Kabla sijamaliza chai watu tisa walikuwa wameshajibu "niko." Waliuliza nani ana spika. Waliuliza nani anajua kuchoma nyama. Hakuna aliyeuliza habari ya maji.

Sikuwacheka, maana miaka miwili iliyopita nilikuwa mmoja wao. Tulikwenda watano na tukarudi watano, lakini kurudi kwetu hakukutokana na akili zetu. Tulirudi kwa sababu mzee mmoja wa Kigabra alipita na ngamia wake asubuhi ileile tuliyokuwa tunamhitaji. Tangu siku hiyo nina deni, na makala haya ni njia mojawapo ya kulilipa.

Si ati nataka kumwogopesha mtu asiende. Kaskazini ni kwetu sote, na ni kuzuri ajabu. Nataka tu uende ukiwa umepiga hesabu. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: kuzidisha, kujumlisha na kugawanya. Kalamu na karatasi zinatosha.

Nitatumia safari moja kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho: unatoka mji wa Marsabit, unashuka Maikona, unapita Kalacha na North Horr, unafika Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana, kisha unazunguka kusini kupitia South Horr na kurudi kwenye lami pale Laisamis. Ukielewa hii, utaweza kupanga nyingine yoyote.

1. Jua unakokwenda

Kosa la kwanza huanzia Nairobi. Lami ya Isiolo hadi Moyale ilikamilika katika miaka ya 2010, na siku hizi unaweza kutoka Nairobi alfajiri ukala chakula cha jioni Marsabit, zaidi ya kilomita 500, bila kuchafua kiatu. Basi unadhani kaskazini imekwisha kuwa rahisi. Tena mji wa Marsabit wenyewe unakudanganya. Uko juu ya mlima wa volkano iliyolala, una msitu, una ukungu asubuhi, na usiku unahitaji sweta. Ukikaa pale ukinywa chai hutaamini kwamba chini ya mlima huohuo kuna jangwa.

Ukishuka kuelekea Maikona, mambo yanabadilika ndani ya saa chache. Kwanza unakutana na mawe meusi ya volkano yenye makali, kisha vumbi, kisha Chalbi yenyewe. Sehemu hizi hupata mvua chini ya milimita 250 kwa mwaka, na joto la mchana hukaribia nyuzi 40.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo tulipoangukia sisi. Chalbi zamani lilikuwa ziwa. Ni bonde lisilo na njia ya kutolea maji, limezungukwa na milima: Marsabit upande mmoja, Kulal upande wa ziwa, vilima vya Huri upande wa Ethiopia. Mvua ikinyesha kwenye milima hiyo, maji huteremka hadi Chalbi na kutuama hapo. Jua likiyakausha hubaki chumvi juu na udongo wa mfinyanzi chini. Kwa hiyo unaweza kusimama Maikona, mbingu haina hata wingu, na mbele yako uwanda unaonekana mkavu kama sahani, kumbe mvua ilinyesha mlimani wiki iliyopita na chini ya ile ngozi ya chumvi ni uji mtupu.

Kanuni ya kwanza, basi: usitazame mbingu ya pale ulipo. Uliza mvua imenyesha wapi na lini. Mvua ndefu huja kati ya Machi na Mei, mvua fupi kati ya Oktoba na Desemba. Ukitaka kuvuka Chalbi kwa amani, miezi ya ukavu ndiyo yako: Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Desemba, ambayo sisi wanafunzi tunaipenda, ni mwezi wa kuuliza mara mbili.

2. Tulivyokwama

Sisi tulikwenda Desemba. Tulikodi gari moja kubwa, tukajaza watu watano, mahema, jiko la makaa, kreti tatu za soda, spika na mitungi miwili ya maji ya lita 20. Mtu alipouliza kama maji yanatosha, tulimjibu kwamba tutanunua njiani. Njia gani hiyo yenye maduka, hatukujiuliza.

Maikona tulikuta vijana wa lori wakinywa chai. Mmoja akatuambia tufuate alama za malori zinazopita ukingoni, tusikate katikati. Tukamshukuru. Kisha tukaitazama simu, na simu ikaonyesha mstari mnyoofu kuelekea North Horr, mfupi kuliko ile njia ya kuzunguka. Mwenzetu aliyekuwa kwenye usukani akasema, "Huyu anazoea lori. Sisi tuna gari la maana." Wote tukakubali, mimi nikiwa wa kwanza.

Saa nane mchana gurudumu la nyuma likazama. Dereva akakanyaga mafuta. Makomredi, kama kuna sentensi moja ya kukumbuka katika makala haya ni hii: gari likizama, ondoa mguu kwenye mafuta. Sisi tulikanyaga mpaka tumbo la gari likalala kwenye matope. Jeki ikazama kwa sababu hatukuwa na kipande cha ubao cha kuiweka chini. Sepetu hatukuwa nalo, tulichimba kwa sufuria. Simu haikuwa na mtandao. Kufikia jioni tulikuwa tumekunywa na kunawa zaidi ya nusu ya maji yetu, maana kuchimba matope kwenye jua kunakausha mtu kuliko unavyodhani.

Asubuhi mwenzetu mmoja alianza kutapika na kuongea mambo yasiyoeleweka. Tulimlaza chini ya gari, tukamlowesha kitambaa kichwani. Wawili walitaka kutembea kurudi Maikona. Waliona miti na maji upande ule, wakasema si mbali. Hakukuwa na miti wala maji. Yalikuwa mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana joto likipanda. Tulibishana karibu tupigane. Saa tatu bado tulikuwa tunabishana, na maji yalikuwa yamebaki chupa mbili.

Ndipo mzee akatokea, na mvulana mmoja, na ngamia wanne waliobeba mitungi. Alitusalimu kwa neno lao, nagaa, ambalo maana yake ni amani, kisha akaongea Kiswahili. Hakutuuliza tulikuwa tunafanya nini. Alimtazama mgonjwa, akateremsha mitungi miwili, akasema, "Mpeni kidogo kidogo. Akinywa kwa haraka atatapika tena." Alimtuma mvulana arudi Maikona na ngamia mmoja kutafuta lori. Yeye mwenyewe akakaa nasi kwenye kivuli cha gari.

Tulijaribu kumpa pesa, akakataa. Nikamuuliza, "Mzee, maji haya ulikuwa unapeleka wapi?" Akasema kambini kwenye malisho, kwa watoto wanaochunga. Nikamuuliza watakunywa nini. Akasema, "Maziwa. Na watangoja." Baadaye akaongeza, wala hakuwa na hasira, "Vijana, mlikuja huku kama watu wanaokwenda dukani."

Lori lilifika saa kumi jioni. Dereva wake alisimama mbali, kwenye ardhi ngumu, akakataa katakata kusogea hata hatua moja. Alituvuta kwa kamba ndefu. Njia aliyopita kuja kutuokoa ndiyo ileile tuliyoambiwa tuifuate.

3. Hesabu ya maji

Turudi darasani. Mtu mzima kwenye joto lile anahitaji lita 5 za kunywa kwa siku. Ongeza lita 3 za kupikia na kunawa kwa ubahili: jumla lita 8 kwa mtu kwa siku. Kisha ongeza siku 2 za dharura kwa lita 5 kila mtu. Kisha lita 10 za gari, kwa ajili ya rejeta.

Safari yetu ya mfano ina siku 4 nje ya lami. Kwa watu watano:

Matumizi ya kawaida: 8 × 5 × 4 = lita 160
Dharura: 5 × 5 × 2 = lita 50
Gari: lita 10
Jumla: lita 220

Hiyo ni mitungi 11 ya lita 20. Sisi tulibeba miwili. Lita 40 ukizigawanya kwa watu watano kwa lita 8, ni siku moja. Tulianza safari ya siku nne tukiwa na maji ya siku moja, na tulikuwa wanafunzi wa mwaka wa tatu.

Mtu atasema: si Loiyangalani kuna chemchemi? Ipo, na Kalacha na North Horr pia kuna maji. Jaza ukifika. Lakini usipige hesabu kana kwamba lazima utafika, kwa sababu siku utakayohitaji maji ya ziada ndiyo siku ambayo hukufika. Wala usitegemee ziwa lenyewe. Msafara wa Teleki na von Höhnel ulipofika ukingoni mwa Turkana, Machi 1888, watu walikimbilia maji kwa kiu wakakuta yana magadi. Wenyeji huyatumia kwa sababu hawana mengine. Wewe mgeni yatakuharibu tumbo wakati ambao tumbo ni kitu cha mwisho unachotaka kuharibika.

Gawanya maji kwenye mitungi mingi midogo, usiweke yote kwenye pipa moja. Mtungi mmoja ukipasuka unapoteza lita 20. Pipa likipasuka umepoteza safari.

4. Hesabu ya mafuta

Gari linalokwenda kilomita 8 au 9 kwa lita kwenye lami, kwenye mchanga na mawe huenda likafanya 5 au chini yake, kwa sababu unatumia gia ndogo muda wote. Tuchukue 5. Mzunguko wetu nje ya lami tuuhesabu kilomita 500:

500 ÷ 5 = lita 100
Ongeza nusu yake kwa kupotea, kurudi nyuma na kukwama: lita 50
Jumla: lita 150

Tangi la lita 90 halitoshi. Unabeba lita 60, yaani mitungi mitatu, iliyotengenezwa kwa mafuta na iliyofungwa barabara, si ile ya mafuta ya kupikia. Jaza kila kitu Marsabit. Ukishatoka hapo, petroli huuzwa kwenye mapipa na mitungi, siku ikiwepo, na bei ni ya mwenye pipa.

Sasa jumlisha uzito. Maji lita 220 ni kilo 220. Mafuta lita 60 ni karibu kilo 45 hadi 50. Watu watano ni kilo 350 hivi. Bado hatujahesabu mahema, chakula na tairi mbili za akiba. Gari zito linazama upesi zaidi na linakunywa mafuta zaidi. Hapa hesabu inakuambia jambo ambalo hakuna rafiki atakuambia: watu watano wanaingia kwenye gari moja, lakini hawaingii jangwani.

Jibu ni magari mawili, watu watatu kila gari. Kwa watatu, maji yanakuwa 96 ya kawaida, 30 ya dharura na 10 ya gari: lita 136, mitungi saba. Inabebeka. Na gari moja likikwama, la pili linavuta, au linakwenda kuleta msaada huku wagonjwa wakibaki kivulini. Kama pesa zenu zinatosha gari moja tu, nendeni watatu, au mbaki kwenye njia zinazopitiwa na watu kila siku. Barabara ya Laisamis kuelekea ziwani ni mojawapo. Ilitengenezwa upya, zaidi ya kilomita 200, ili kusafirishia mitambo ya kile kituo cha umeme wa upepo kilichozinduliwa mwaka 2019: mitambo 365, megawati 310. Mtaiona imesimama mistari kwa mistari karibu na Mlima Kulal, na mkipiga hema usiku mtaelewa kwa nini iliwekwa pale. Upepo wa ile sehemu hung'oa hema. Fungeni kwa mawe, si kwa vigingi peke yake.

5. Tairi na vifaa

Kwenye mchanga, tairi laini hupita vizuri kuliko tairi gumu kwa sababu linatandaa. Kama kawaida unajaza 35, shusha hadi 20 au 18. Ukitoka kwenye mchanga, jaza tena. Usiendeshe juu ya mawe ya volkano ukiwa na upepo kidogo, maana jiwe litakata ubavu wa tairi na ubavu hauzibiki. Kwa hiyo beba pampu inayotumia betri ya gari na kipimo cha upepo. Bila hivyo ushauri wote huu hauna faida.

Vitu ambavyo sisi hatukuwa navyo, na ambavyo vyote vingeingia mahali pa zile kreti za soda: tairi mbili za akiba badala ya moja; vifaa vya kuziba pancha; sepetu; mbao mbili ndefu za kuweka chini ya magurudumu na ubao mmoja mnene wa kuweka chini ya jeki; kamba ya kuvutia; mkanda wa feni na mipira ya rejeta ya akiba; turubai la kivuli; tochi; dira; ramani ya karatasi.

Ukikwama, fuata mpango huu. Acha kukanyaga mafuta. Shukeni wote. Kunyweni maji kwanza, kisha mfikiri. Toeni mizigo mizito. Punguzeni upepo. Chimbeni mbele ya magurudumu yote, si moja tu, na muondoe udongo chini ya tumbo la gari. Wekeni mbao. Toka polepole kwa gia ndogo, na usisimame mpaka ufike ardhi ngumu. Fanyeni kazi hiyo asubuhi au jioni. Kati ya saa tano na saa tisa kaeni kivulini, hata kama roho inawasha.

Na msiache gari. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu tulikaribia kuliacha. Gari lina kivuli na linaonekana kutoka mbali. Mtu anayetembea hana kivuli wala haonekani, na anamaliza maji yake kwa haraka.

6. Saa na habari

Anza kuendesha saa kumi na mbili asubuhi. Uwe umefika au umepiga hema saa kumi jioni. Huku kwetu jua likizama giza haliombi ruhusa, na usiku huoni shimo, mchanga wala ngamia. Panga mwendo mfupi: ukiona kwenye ramani kilomita 100, usiseme saa moja na nusu. Sema nusu siku.

Kabla ya kutoka mjini, mwachie mtu mmoja nyumbani karatasi yenye mambo manne: njia mtakayopita, majina na namba za simu za wote, namba za magari, na siku na saa ambayo msipopiga simu yeye aanze kuwatafuta. Saa hiyo iandikwe. "Tutakupigia tukipata mtandao" si mpango. Mtandao utaupata kwenye miji, lakini kati ya mji na mji ni kimya kirefu. Kama mnaweza kukodi simu ya setilaiti, kodini, hata kama itabidi mpunguze nyama.

Pia pitieni kituo cha polisi Marsabit, na kila mji mnaolala mjitambulishe kwa chifu au kwa wazee. Hapa kuna sababu mbili. Ya kwanza ni usalama: sehemu hizi zina historia ya wizi wa mifugo na mapigano, na njia iliyokuwa salama mwezi jana huenda leo si salama. Wenyeji wanajua, mtandao haujui. Ya pili ni kwamba mkichelewa, kuna mtu wa mbele anayejua mlitarajiwa.

7. Mgonjwa wa joto

Kila gari liwe na mtu anayejua hili. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mkojo kidogo na wa rangi ya chai. Simamisha kazi, mpeleke kivulini, mpe maji kidogo kidogo yaliyochanganywa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akianza kuchanganyikiwa, ngozi ikawaka moto, hiyo ni hatari ya kufa. Mvue nguo za juu, mloweshe mwili mzima, mpepee bila kuacha, na msaada utafutwe saa hiyohiyo. Aliyezimia usimmiminie maji mdomoni.

8. Wenyeji si vituo vya huduma

Somo la mwisho halina namba. Njia hii inapita kwenye ardhi ya watu: Wagabra, Warendille, Wasamburu, Waturuka­na na Waelmolo pale ziwani. Visima unavyoviona vina wenyewe na vina zamu. Usichote kabla ya kuuliza, usioge karibu na maji ya mifugo, usimpige mtu picha kama unapiga picha ya mlima. Salimia kwanza, na salamu za huko hazina haraka. Ukihitaji mtu wa kukuonyesha njia, mchukue kijana wa pale umlipe vizuri. Ada ya siku mbili za mwongozaji ni ndogo kuliko ada ya lori moja la kukuvuta, naongea kama mtu aliyelipa hiyo ya pili.

Na mtu akikuambia usikate katikati, usikate katikati. Ramani ya simu inajua mahali palipo. Haijui mvua ya wiki jana.

Zoezi la kujipima

Marafiki sita wana magari mawili. Watakuwa nje ya lami siku 3, mwendo wa kilomita 360. Kila gari linakwenda kilomita 4 kwa lita na lina tangi la lita 80. Kila gari libebe mitungi mingapi ya maji na mingapi ya mafuta? Fanya mwenyewe kwanza.

Jibu: maji ni 144 ya kawaida, 60 ya dharura na 20 ya magari, jumla lita 224, kila gari lita 112, yaani mitungi 6. Mafuta ni lita 90, ongeza 45, jumla 135. Ukitoa 80 za tangi zinabaki 55, yaani mitungi 3 kila gari. Kama ulisahau maji ya dharura, rudia sehemu ya 3. Kama ulisahau maji ya gari, rejeta haitakusamehe.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anatarajiwa aje na heri. Sisi tulikuja na spika na kreti za soda, na kwa ajili yetu watoto waliokuwa wakichunga walingoja maji siku nzima zaidi. Hakuna aliyetulaumu. Mwenzetu alipona, anasoma hapahapa chuoni, na pengine wewe unakaa naye darasani.

Kile kikundi cha WhatsApp nimekijibu jana. Nimeandika, "Niko. Lakini Februari, magari mawili, watu sita, na mimi ndiye wa maji." Watatu wameshajitoa. Waliobaki wameanza kuuliza bei ya mitungi.